Kutunza injini ya rota: mwongozo kwa wenye RX-7 za zamani

Injini ya rota inayokula oili haijaharibika. Ile isiyokula kabisa ndiyo ya kutilia shaka. Fundi aliyezoea pistoni akisikia hivyo hutikisa kichwa, kisha hulihudumia gari kwa kanuni anazozijua, na injini ambayo ingedumu miaka mingi hufunguliwa mapema bila sababu. Injini hii ina kanuni zake, na si ngumu. Nyingi mwenye gari anaweza kuzifuata mwenyewe akiwa na spana, geji na subira.

Maelezo haya yanahusu Mazda RX-7 za vizazi vitatu: FB (1978 hadi 1985), ambayo nyingi zina injini ya 12A, FC (1985 hadi 1992) yenye 13B, ya turbo au isiyo na turbo, na FD (1991 hadi 2002) yenye 13B-REW ya turbo mbili zinazopokezana.

Kinachofanyika ndani

Rota ni kipande cha chuma chenye pembe tatu kinachozunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Kila uso wa rota unafanya kazi zote nne: kuvuta, kubana, kulipua na kutoa moshi. Rota ikimaliza mzunguko mmoja, shafti inakuwa imezunguka mara tatu, kwa hiyo kila rota inalipua mara moja kwa kila mzunguko wa shafti. Shika namba hiyo, utaihitaji mbele. 12A na 13B zote zina rota mbili. Chumba kimoja cha 12A ni cc 573, cha 13B ni cc 654. Hakuna valvu, hakuna kamshafti, hakuna mkanda wa taimingi wa kukatika.

Kazi ya ringi za pistoni hapa inafanywa na sili. Kwenye kila pembe ya rota kuna sili ya ncha, kipande chembamba cha chuma kinachosukumwa nje na springi ili kisugue ukuta wa nyumba uliopakwa kromu. Ubavuni mwa rota kuna sili za ubavu, na zinapokutana na sili ya ncha kuna kitufe kidogo, sili ya kona. Sili ya ncha haipumziki hata sekunde moja injini ikiwa hai, na ukuta unaosuguliwa hauguswi na oili ya kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana kuna pampu ndogo inayochota oili ya injini na kuidondoshea kwenye vyumba iungue pamoja na petroli. Oili inayopungua kwenye kijiti ndiyo hiyo.

Jambo la pili ni joto. Kwenye pistoni, hewa baridi huingia palepale moto ulipotoka. Kwenye rota, mlipuko hutokea upande uleule siku zote, upande wa plagi, na hewa mpya huingia upande wa pili. Upande mmoja wa nyumba unaunguzwa, mwingine unabaki wa vuguvugu. Nyumba hizo ni za alumini, zimebanwa kati ya sahani za chuma cha kusubu kwa bolti ndefu zinazopita kutoka mwisho hadi mwisho, na katikati kuna sili za mpira zinazozuia maji. Alumini hutanuka kuliko chuma. Injini ikichemsha mara moja tu, mipira hiyo inaweza kuungua au kukosa mkandamizo, na haibadilishwi bila kufungua injini nzima.

Oili

Pima kila wiki, na kila unapojaza tenki ukiwa safarini. Gari likae mahali tambarare, injini iwe imepata moto, zima, subiri dakika tano ndipo uchomoe kijiti. Lita moja kwa takribani kilomita 1,500 hadi 2,500 ni ulaji wa kawaida, na ukikanyaga sana utaongezeka. Kama umekwenda kilomita 3,000 na kijiti hakijashuka, usifurahi. Ama pampu ya kudondosha oili haifanyi kazi, ama petroli inavuja kuingia kwenye oili na kuziba pengo. Nusa kijiti: kikinuka petroli kwa nguvu, au kiwango kikiwa kinapanda, badilisha oili leo na utafute injekta inayovuja.

Badilisha oili na filta kila kilomita 5,000, usingoje zaidi. Injini hii hutumia mchanganyiko wenye petroli nyingi, na sehemu ya petroli hiyo hupenya hadi kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi. Kwenye joto 20W-50 inafaa, kwenye baridi kali 10W-30. Kuhusu oili ya madini au ya sintetiki watu hubishana bila kuchoka. Msimamo wa mwongozo huu ni kwamba, kwa injini ambayo bado inachota oili yake yenyewe ya kuunguza, oili nzuri ya madini inayobadilishwa mapema ni bora kuliko ya ghali inayoachwa izeeke.

Sasa pampu yenyewe. Kwenye FB na kwenye FC za kabla ya 1989 ni ya mitambo: kuna fimbo iliyounganishwa na kabureta au throto (mlango wa hewa ya injini). Mwenzako akanyage mafuta injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie kama mkono wa pampu unasogea. Kwenye FC za 1989 kuendelea, na kwenye FD, inaendeshwa kwa umeme na kompyuta. Kwa zote, mirija myembamba ya plastiki inayopeleka oili ndiyo huharibika kwanza. Ikizeeka hugeuka njano, hukakamaa, na huvunjika ukiigusa tu, kwa hiyo usiiguse kama huna mipya mkononi. Injekta za oili zina valvu ya njia moja. Ichomoe, ipulize: hewa ipite kuelekea kwenye injini na isirudi. Ikipita pande zote, ioshe kwa dawa ya kusafishia kabureta, na ikishindikana ibadilishe.

Wengi huongeza oili ya tu-stroku kwenye petroli, na ni desturi nzuri kwa sababu inafika kwenye sili hata mrija mmoja ukiziba. Kiasi ni mililita 4 kwa lita ya petroli kama pampu bado inafanya kazi, na mililita 8 kama imetolewa. Kwa petroli lita 50 hiyo ni mililita 200 au 400. Tumia oili yenye alama ya JASO FC au FD (hizi ni daraja za oili, hazihusiani na majina ya magari), imimine kwanza ndipo petroli ifuate ili zichanganyike. Usizidishe ukidhani unalilinda gari zaidi: inayobaki huacha kaboni, na kaboni ndiyo inayonasa sili kwenye mifereji yake.

Oili pia ndiyo inayopoza rota kwa ndani. Katika injini nyingi za zamani kuna kidonge cha joto mwanzoni mwa shafti ambacho hufungua oili ipite kikamilifu kuelekea kwenye rota pale tu inapopata moto, kiasi cha nyuzi 60. Sindano ya maji hupanda mapema, oili hufuata baadaye. Dakika kumi za mwanzo usivuke mizunguko 3,500 kwa dakika, hata kama sindano imeshafika katikati. Unapofungua injini, toa kidonge hicho na uweke kile kigumu kisicho na sehemu inayosogea, maana cha zamani kikikwama rota hukosa upoaji bila taa yoyote kuwaka.

Plagi

Kila rota ina plagi mbili, ya chini ndiyo hutangulia kuwaka na ya juu hufuata. Hazifanani. Kwenye FC na FD, NGK BUR7EQ hukaa chini na BUR9EQ hukaa juu. Kwa NGK namba ndogo ni plagi ya moto zaidi. Ukiweka 7 juu, ncha yake inaweza kuwaka yenyewe kabla ya wakati, na kwenye gari la turbo hilo linatosha kuvunja sili ya ncha. Plagi hizi zina miguu kadhaa kuzunguka ncha ya kati, usijaribu kupinda miguu ili kurekebisha nafasi. Zikichakaa zinabadilishwa, kila kilomita 15,000 hivi.

Zitoe kwa soketi ya milimita 21. Unaporudisha, anza kwa mkono hadi ikae, kisha kaza kwa toki renchi kati ya Nm 13 na 18. Nyumba ni alumini na uzi wake ukiharibika ni hasara kubwa.

Waya za plagi za chini, kwenye FC na FD, hupata cheche kwa pamoja kutoka koili moja, kwa hiyo ukizibadilishana kati ya rota ya mbele na ya nyuma hakuna madhara. Za juu kila moja ina zamu yake. Ukizibadilishana, plagi italipua kwenye rota ambayo haijafika. Weka alama kwa rangi kabla ya kuchomoa.

Injini ikilowa petroli

Hili ndilo tatizo linalowafanya watu waamini injini imekufa. Umewasha gari asubuhi ili tu ulisogeze mita tano, ukazima. Jioni linazunguka kwa stata, halishiki, na sauti ya stata imekuwa laini bila midundo. Petroli nyingi ya mwasho wa baridi imeosha oili kwenye sili za ncha, kompresheni (nguvu ya kubana hewa) imepotea. Kuendelea kupiga stata kunazidisha.

1. Toa fyuzi ya EGI (mfumo wa kuingiza petroli), au chomoa soketi ya pampu ya petroli pamoja na soketi za koili. Petroli isiingie, cheche isitoke.
2. Toa plagi za chini. Funika matundu kwa kitambaa na piga stata sekunde kumi, pumzika, rudia hadi pasitoke petroli tena. Inayotoka ni petroli hai, kwa hiyo moto wa aina yoyote uwe mbali, na kitambaa kisiachwe karibu na injini.
3. Mimina mililita 5 za oili ya injini kwenye kila tundu. Zungusha shafti kwa spana kwenye puli ya mbele, mzunguko mmoja kamili, uso unaofuata utafika. Mimina tena. Mara tatu kwa kila rota, ili sili zote zipate.
4. Rudisha plagi kavu, ikiwezekana mpya. Plagi iliyolowa sana mara nyingi haipati nguvu yake tena.
5. Rudisha fyuzi na soketi, betri iwe imejaa, washa. Moshi utakuwa mwingi mno. Shikilia mizunguko 2,000 hadi 2,500 mpaka upungue.

Kinga ni rahisi: ukiwasha injini ya baridi, iache ipate moto kabisa kabla ya kuizima. Kama kulisogeza tu ndiko unakotaka, lisukume.

Kupima kompresheni

Hapa ndipo ripoti nyingi za mafundi huwa hazina maana. Geji ya kawaida ina valvu mwishoni mwa mpira inayoshikilia shinikizo la juu kuliko yote. Kwenye pistoni hiyo ni sawa. Kwenye rota, tundu moja la plagi linapita nyuso tatu, na geji itakuonyesha ule wenye nguvu tu. Rota yenye nyuso mbili zilizokufa inaweza kusomeka nzima. Ukiwa unanunua gari, namba moja kwa kila rota usiikubali.

Kifaa maalumu cha rota huandika nyuso zote tatu na kasi ya stata. Kama hakipo, pima hivi. Injini ipate moto, betri ijae, petroli na cheche zikatwe kama hapo juu. Toa plagi moja tu kwa kila rota, nyingine ibaki ili hewa isivuje, na throto iwe wazi kabisa. Soma kwanza valvu ikiwa ndani ya geji upate namba ya juu. Kisha ichomoe valvu na upige stata tena: sindano itaruka mara tatu na kurudia. Irekodi kwa simu na uitazame polepole.

Kwa 13B za FC na FD, kiwango cha chini ni 6.0 kg/cm², sawa na psi 85, stata ikizungusha 250 kwa dakika, na tofauti kati ya nyuso isizidi 1.5 kg/cm², yaani psi 21. Stata ikiwa nzito namba hushuka, na mahali pa juu kutoka usawa wa bahari hushuka pia. Kwa hiyo mdundo una thamani kuliko namba.

Miruko mitatu sawa na yenye nguvu: rota ni nzima. Miwili dhaifu na mmoja wenye nguvu: sili moja ya ncha imevunjika au imenasa, kwa sababu kila sili ya ncha ni ukuta wa vyumba viwili. Mmoja dhaifu, miwili mizima: tafuta kwenye sili ya ubavu au ya kona. Yote mitatu ya chini lakini sawa, kwenye rota zote mbili, ni uchakavu wa jumla, au kaboni imezikaba sili zisisogee. Ikiwa ni kaboni, wakati mwingine huponywa bila injini kufunguliwa. Injini ikiwa na moto na mizunguko ikishikiliwa 2,500, ipe maji safi kidogokidogo kupitia mpira mwembamba wa vakyumu, kwa mkondo wa uzi, kiasi cha nusu lita kwa dakika kumi. Mvuke hubandua kaboni. Usimwage kwa pupa, maana maji hayabaniki. Baadaye badilisha oili, kisha liendeshe gari hadi mizunguko ya juu. Injini ya rota iliyopata moto inapaswa kupelekwa karibu na mstari mwekundu mara kwa mara, hiyo ni sehemu ya matunzo.

Maji

Angalia kiwango asubuhi injini ikiwa baridi. Maji yanayopungua bila kuonekana yanakovuja, moshi mweupe wenye harufu tamu wakati wa kuwasha, injini inayoyumba sekunde chache kana kwamba rota moja imelala, au mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa radieta: ukiona mawili kati ya hayo, sili ya maji imekwisha. Dawa za kuziba uvujaji zisiingie kwenye injini hii. Huziba njia nyembamba za radieta, na sili iliyoungua haitapona.

Tumia kulanti ya glaikoli na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu, ibadilishwe kila miaka miwili. Maji matupu ni adui: katika 13B za FC na FD mifereji ya sili za maji imechongwa kwenye sahani za chuma, kutu hula kingo zake, na sahani hiyo ikiliwa sili mpya haina pa kukaa. Badilisha pia kifuniko cha radieta, thamostati na mipira yote kwa pamoja. FD ina kichupa cha plastiki cha kutenganisha hewa ambacho hupasuka kwa uzee, weka cha alumini kabla hakijapasuka. Na chini ya bampa kuna sahani ya plastiki inayoelekeza upepo kwenye radieta. Watu huitoa wakati wa kubadilisha oili na kuiacha gereji, kisha gari huanza kuchemsha barabara kuu bila sababu inayoonekana.

Usiitegemee sindano ya dashibodi. Hukaa katikati hata joto likiwa limepanda sana, na inapoanza kusogea mara nyingi umechelewa. Weka geji yenye namba. Nyuzi 85 hadi 95 ni salama, ikifika 105 punguza mwendo, ikizidi 110 simama.

Petroli, vakyumu na umeme

Harufu ya petroli kwenye FC au FD isipuuzwe hata siku moja. Chini ya maingilio ya hewa, kwenye reli ya petroli, kuna kifaa cha kutuliza mapigo ya pampu chenye kiwambo ndani. Kikichoka huvujisha petroli juu ya injini ya moto, na magari yameungua kwa sababu hiyo. Kikague pamoja na mipira ya petroli iliyo karibu, na kama haijawahi kubadilishwa, ibadilishe yote.

FC isiyo na turbo ikikosa nguvu mizunguko ikipanda, kagua mikono inayofungua matundu ya ziada ya hewa. Hunaswa na kaboni. Izungushe kwa vidole: ikigoma, pulizia mafuta ya kulainisha kutu hadi irudi kwa springi yenyewe. FC inayositasita karibu na mizunguko 3,800 kwa kawaida ina athi mbovu (waya za kurudisha umeme kwenye bodi) au sensa ya throto iliyotoka kwenye kipimo. Safisha athi zote hadi chuma king'ae kabla ya kununua sensa yoyote.

Turbo mbili za FD zinaongozwa na dazeni za mipira myembamba ya vakyumu iliyopikwa na joto. Geji ya busti (shinikizo la hewa kutoka kwenye turbo) inaeleza hali yake: psi 10, kushuka hadi 8 karibu na mizunguko 4,500 turbo ya pili inapoingia, kisha 10 tena. Ikianguka zaidi ya hapo na isirudi, mpira umechomoka au valvu ya njia moja imekufa. Badilisha mipira yote kwa ya silikoni, mmoja baada ya mwingine, usichomoe miwili kwa wakati mmoja. Na usifungue bomba la moshi ukaacha kila kitu kingine kama kilivyo. Busti itapanda yenyewe, petroli haitatosha, injini itagonga (petroli italipuka ovyo ndani ya chumba), na sili ya ncha huvunjika kwa mgongano mmoja mzito.

Ikibidi kufungua

Sili mpya ya ncha ya 13B ya FC au FD ina kimo cha milimita 8.0, na ikifika 6.5 haifai tena. Nafasi kati ya sili ya ubavu na ya kona iwe milimita 0.05 hadi 0.15, isizidi 0.4. Nyumba ambayo kromu yake imebanduka haichongwi ikaongezwa saizi kama silinda, hubadilishwa. Mchezo wa shafti kwenda mbele na nyuma uwe milimita 0.04 hadi 0.07, upimwe baada ya kukaza bolti ya mbele. Injini iliyofungwa upya iendeshwe chini ya mizunguko 4,000 kwa kilomita 1,500 za mwanzo, bila busti kwa zile za turbo, ikiwa na oili ya tu-stroku kwenye petroli tangu tenki la kwanza. Oili ya sampu imwagwe kwenye kilomita 500, kisha tena kwenye 1,500, na filta mpya kila mara.